Mary Bryant: Mfungwa aliyetoroka Sydney kwa mashua hadi Timor

Usiku wa 28 Machi 1791, watu 11 waliingia kimya kimya katika mashua ya gavana kwenye bandari ya Sydney na kuelekea bahari kuu. Tisa kati yao walikuwa wafungwa waliohukumiwa na mahakama za Uingereza. Wawili walikuwa watoto: msichana wa miaka 3 na mdogo wake wa kiume aliyekuwa na umri wa takriban mwaka mmoja. Mwanamke pekee mtu mzima katika safari hiyo alikuwa mama yao, Mary Bryant. Siku 69 baadaye mashua hiyo ilitia nanga Kupang, katika kisiwa cha Timor, mji ambao leo umo Indonesia na wakati huo ulikuwa chini ya Waholanzi.

Mary Bryant hakuacha kitabu wala barua. Yote yanayojulikana kumhusu yaliandikwa na watu wengine: makarani wa mahakama, wakuu wa magereza, maofisa wa meli, mfungwa mwenzake mmoja na mwanasheria mmoja wa London. Kwa sababu hiyo, kuyafuatilia maisha yake ni kufuatilia pia safari ya karatasi. Zile zilizomfunga zilitunzwa vizuri. Zile ambazo zingeweza kuifungua familia yake hazikuwapo zilipohitajika.

Koloni la wafungwa

Kwa miaka mingi Uingereza iliwapeleka wafungwa wake katika makoloni ya Amerika Kaskazini. Vita vya uhuru wa Marekani, vilivyoanza 1775, viliifunga njia hiyo. Magereza yalifurika, na serikali ikaanza kuwahifadhi wafungwa ndani ya meli kuukuu zilizotiwa nanga mitoni na bandarini. Hatimaye iliamuliwa kuanzisha koloni la adhabu upande wa pili wa dunia, katika pwani iliyopewa jina la New South Wales. Pwani hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya wenyeji walioishi humo kwa makumi ya maelfu ya miaka.

Kati ya 1788 na 1868, takriban wafungwa 162,000 walisafirishwa hadi Australia kutoka Uingereza, Ireland na sehemu nyingine za himaya ya Uingereza. Karibu 25,000 kati yao walikuwa wanawake. Wengi walikuwa na makosa ya wizi, na wengi walikuwa watumishi wa nyumbani kabla ya kukamatwa. Adhabu ya kawaida ilikuwa miaka 7, miaka 14 au maisha. Hata hivyo, kwa mtu asiye na nauli ya kurudi, miaka 7 iliweza kuwa sawa na maisha.

Kutoka Fowey hadi Sydney

Mary alizaliwa kwa jina la Mary Broad katika mji wa Fowey, Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, na alibatizwa mwaka 1765. Baba yake alikuwa mwanamaji. Mwanzoni mwa 1786, Mary na wanawake wengine wawili walimshambulia mwanamke aitwaye Agnes Lakeman karibu na Plymouth na kumnyang'anya mali, ikiwamo kofia ya hariri. Kisheria, kosa hilo lilikuwa unyang'anyi katika barabara kuu, na adhabu yake ilikuwa kunyongwa.

Mwezi Machi 1786, mahakama iliyoketi Exeter iliwahukumu kifo wanawake wote watatu. Baadaye adhabu ilipunguzwa kuwa miaka 7 ya kuhamishiwa ng'ambo. Mary aliwekwa katika Dunkirk, meli kuukuu iliyogeuzwa gereza huko Plymouth. Mwaka uliofuata alipandishwa meli iliyoitwa Charlotte, moja ya meli 11 za msafara wa kwanza ulioondoka Uingereza tarehe 13 Mei 1787.

Alikuwa na mimba alipopanda meli hiyo. Msichana wake alizaliwa baharini mwezi Septemba 1787, akapewa jina la meli, Charlotte. Msafara ulipitia Tenerife, Rio de Janeiro na Cape Town kabla ya kufika Australia mwezi Januari 1788. Charlotte alikuwa mtoto wa miezi minne alipofika katika nchi ambayo hakuna mahakama iliyomhukumu kupelekwa.

Tarehe 10 Februari 1788, wiki mbili tu baada ya makazi ya Sydney kuanzishwa, Mary alifunga ndoa na William Bryant, mfungwa mwenzake kutoka Cornwall aliyekuwa mvuvi. Ndoa yao ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufungwa katika koloni hilo. Mwaka 1790 walipata mtoto wa pili, Emanuel.

Njaa, samaki na hati zilizokosekana

Miaka ya mwanzo ya koloni ilikuwa ya njaa. Mazao yalikataa, mifugo ilipotea, na meli za chakula zilichelewa. Katika hali hiyo, mtu aliyejua bahari alikuwa na thamani kubwa. William alipewa usimamizi wa mashua za uvuvi, na familia yake ikapata kibanda chao wenyewe. Mapema mwaka 1789 aligunduliwa akiuza kwa siri sehemu ya samaki waliovuliwa kwa ajili ya ghala la serikali. Alipigwa viboko 100, na familia ikaondolewa katika kibanda hicho. Hata hivyo alirudishwa mashuani, kwa kuwa koloni halikuwa na mvuvi mwingine wa kiwango chake.

Mwaka 1790 mambo yalizidi kuwa mabaya. Meli ya Sirius iliyotegemewa sana ilivunjika katika kisiwa cha Norfolk, na mgawo wa chakula ukapunguzwa mara kwa mara. Mwezi Juni mwaka huo msafara wa pili wa wafungwa ulifika ukiwa na mamia ya wagonjwa na maiti.

Jambo jingine liliwaumiza wafungwa taratibu zaidi kuliko njaa. Msafara wa kwanza uliondoka Uingereza bila hati kamili zinazoonyesha ni lini kila mfungwa alihukumiwa na kwa muda gani. Wafungwa walipoanza kudai kwamba muda wao umekwisha, Gavana Arthur Phillip hakuwa na karatasi za kuthibitisha wala kukanusha, na waliodai walitakiwa kuendelea kufanya kazi mpaka majibu yatoke London. Barua na majibu yake viliweza kuchukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

William Bryant alihukumiwa miaka 7 mwezi Machi 1784. Kwa hesabu ya kawaida, kifungo chake kilikuwa kinafikia mwisho mwezi Machi 1791, mwezi uleule alioondoka. Muda wa Mary ulikuwa umebaki miaka miwili. Aidha, mwanamume aliyemaliza muda wake hakuruhusiwa kuondoka na kuwaacha nyuma mke na watoto ambao serikali ingelazimika kuwalisha. David Collins, ofisa wa sheria wa koloni, aliandika kwamba William alisikika mara nyingi akisema kuwa ndoa iliyofungwa huko haikumfunga kwa lolote. Lakini usiku wa safari ulipofika, Mary na watoto wote wawili walikuwamo mashuani.

Siku 69 baharini

Maandalizi yalichukua muda. Mwezi Desemba 1790 meli ya Kiholanzi iliyoitwa Waaksamheyd ilifika Sydney kutoka Batavia ikiwa na shehena ya chakula. Nahodha wake, Detmer Smith, aliwapatia William na wenzake dira, kifaa cha kupimia kimo cha jua, ramani ya bahari, bunduki na chakula. Wao wenyewe waliweka akiba ya mchele, unga, nyama ya nguruwe na maji.

Walingoja hadi Waaksamheyd iliposafiri kuelekea Uingereza mwishoni mwa Machi. Meli ndogo ya koloni nayo ilikuwa safarini. Kwa hiyo, usiku walioichukua mashua ya gavana yenye makasia sita, hapakuwa na chombo chochote bandarini cha kuwafukuza.

Walielekea kaskazini, wakiifuata pwani ya mashariki ya Australia. James Martin, mmoja wa wafungwa hao, baadaye alisimulia safari hiyo kwa maandishi. Siku za mwanzo walipata samaki na wakakuta makaa ya mawe ufukweni. Mahali pengine wenyeji waliwapokea kwa amani, na mahali pengine waliwatimua. Mvua iliwanyeshea kwa majuma mazima, na mara kadhaa mawimbi yaliwazuia kabisa kutua. Mashua ilipoanza kuvuja, waliikalafati kwa sabuni. Katika kisiwa kimoja cha miamba ya matumbawe walipata kasa, wakala nyama yake na kuikausha nyingine kwa ajili ya safari.

Walipofika ncha ya kaskazini walipita katika mlango wa bahari wa Torres, wakafukuzwa na mitumbwi mikubwa yenye matanga, kisha wakaamua kuikata ghuba ya Carpentaria moja kwa moja. Tarehe 5 Juni 1791 walifika Kupang. Walikuwa wamesafiri zaidi ya kilomita 5,000 katika mashua isiyo na sitaha, na hakuna hata mmoja aliyekufa njiani. Katika simulizi ya Martin, wanaume ndio wanaoshika usukani na kuteka maji. Mama aliyewaweka hai watoto wawili kwa siku 69 katika chombo hicho anatajwa kwa nadra.

Miezi michache ya uhuru

Kwa gavana wa Kiholanzi wa Kupang, Timotheus Wanjon, wageni hao walijieleza kuwa manusura wa meli iliyozama. Walipokewa vizuri, wakapewa nguo na chakula kwa gharama ambayo ingelipwa na serikali ya Uingereza. Baadhi walipata kazi. Kwa majuma kadhaa familia ya Bryant iliishi kama watu huru, kwa mara ya kwanza tangu ilipoanza kuwa familia.

Namna siri ilivyofichuka inasimuliwa kwa njia zaidi ya moja. Martin anasema William aligombana na mkewe, akaenda mwenyewe kuwatoboa wote kwa Waholanzi. Simulizi nyingine zinasema wafungwa walijisaliti kwa maneno yao wenyewe. Walijikuta chini ya ulinzi. Mwezi Septemba 1791 alifika Kupang Kapteni Edward Edwards wa jeshi la wanamaji la Uingereza, ambaye meli yake, Pandora, ilikuwa imezama katika Great Barrier Reef alipokuwa akiwasaka waasi wa meli ya Bounty. Waholanzi walimkabidhi wafungwa hao, na mwezi Oktoba wote wakaondoka chini ya minyororo kuelekea Batavia, mji ambao leo ni Jakarta.

Gharama ya safari ya kurudi

Batavia ya wakati huo ilijulikana kwa homa zake. Emanuel alifariki huko tarehe 1 Desemba 1791, kabla ya kutimiza miaka miwili. Baba yake alimfuata tarehe 22 Desemba. Katika safari ya kwenda Cape Town wanaume wengine watatu walipotea: wawili walikufa kwa maradhi, na mmoja, James Cox, alijirusha baharini katika mlango wa bahari wa Sunda.

Cape Town waliobaki walihamishiwa katika meli ya Gorgon, iliyokuwa ikiwarudisha nyumbani askari waliomaliza zamu yao Sydney. Miongoni mwao alikuwamo Watkin Tench, ofisa aliyesafiri katika meli ya Charlotte mwaka 1787 pamoja na Mary. Aliwatambua. Aliandika kwamba haikuwezekana kuwatazama watu hao bila huruma na mshangao, kwa kuwa walishindwa baada ya kuvuka kila taabu na kila hatari.

Mwanzoni mwa Mei 1792, kabla meli haijafika Uingereza, Charlotte naye alifariki, akiwa na umri wa miaka 4. Kifo chake kiliandikwa na mmoja wa maofisa katika shajara yake kwa maneno machache, na mwili ukazikwa baharini. Msichana huyo aliyezaliwa baharini alikuwa ameizunguka karibu dunia nzima kwa amri za watu wengine, bila yeye mwenyewe kushitakiwa kwa kosa lolote.

Newgate, Boswell na msamaha

Meli ilifika Portsmouth mwezi Juni 1792. Mary na wanaume wanne waliosalia, James Martin, William Allen, John Butcher na Nathaniel Lilley, walipelekwa katika gereza la Newgate jijini London. Hakuna picha ya Mary inayojulikana, lakini karani wa gereza alimwandika katika daftari lake: urefu wa takriban sentimita 163, macho ya kijivu, nywele za kahawia, mzaliwa wa Cornwall, mjane.

Kisheria, kutoroka kutoka uhamishoni kuliweza kumpeleka mtu kwenye kamba. Lakini magazeti yalikuwa yamesimulia habari yao, na watu wa London walichanga fedha kwa ajili yao. Mahakama haikuwanyonga wala kuwarudisha Australia. Iliamuru wabaki gerezani wakitumikia vifungo vyao vya awali.

Mwanasheria na mwandishi James Boswell, anayejulikana kwa kitabu chake kuhusu maisha ya Samuel Johnson, aliichukua kesi hiyo bila malipo na kuwabembeleza mawaziri mara kwa mara. Tarehe 2 Mei 1793 Mary alipewa msamaha kamili. Wanaume wanne waliachiwa mwezi Novemba mwaka huo.

Hapa tarehe zinastahili kutazamwa kwa makini. Mary alihukumiwa miaka 7 mwezi Machi 1786. Muda huo ulikwisha mwezi Machi 1793. Msamaha, kwa hiyo, ulimfikia takriban majuma sita baada ya siku ambayo, kwa hesabu ya hukumu yenyewe, alistahili kuwa huru. Hakupunguziwa hata siku moja. Katikati ya tarehe hizo mbili alipoteza mume na watoto wawili.

Boswell alimtafutia makazi London na kumwahidi pauni 10 kila mwaka. Mwezi Oktoba 1793 Mary alipanda meli kurudi Fowey. Kabla ya kuondoka alimpa Boswell majani makavu kutoka New South Wales. Yalikuwa ya mmea ambao wafungwa waliutumia kama chai, na Mary alikuwa ameyahifadhi katika safari yote. Majani hayo yalikutwa miongoni mwa karatasi za Boswell katika karne ya 20. Hicho ndicho kitu pekee kinachojulikana kutoka mikononi mwa Mary Bryant mwenyewe.

Mahali kumbukumbu zinapokoma

Kumbukumbu za malipo ya Boswell zinaonyesha kwamba Mary alikuwa bado hai Cornwall mwaka 1794. Boswell alifariki Mei 1795, na malipo yakasimama. Tangu hapo hakuna hati inayoweza kuhusishwa naye kwa uhakika. Hakuna mahakama iliyomwita, hakuna gereza lililompokea, hakuna nahodha aliyemhesabu. Alipokuwa mfungwa, kila hatua yake iliandikwa. Alipokuwa huru, akatoweka katika maandishi.

Wafungwa wengine wanafuatiliwaje?

Njia zilizotumika kumfuatilia Mary Bryant hutumiwa pia na familia nyingi za Australia zinazotafuta asili yao. Mwanzo ni kumbukumbu za mahakama, ambazo hutaja kosa, tarehe na adhabu. Hufuata orodha ya meli, kisha daftari za sensa za koloni, vibali vya kufunga ndoa, vibali vya kufanya kazi kabla ya kifungo kuisha na vyeti vya msamaha. Kwa wanawake waliopelekwa Tasmania, takriban 12,500, kumbukumbu za mwenendo ni nyingi mno: kimo, rangi ya macho, makovu, kila kosa na kila adhabu. Wengi wao walipitia magereza ya kazi ya wanawake, kama lile la Cascades mjini Hobart, ambalo mwaka 2010 liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na maeneo mengine 10 ya wafungwa.

Kikwazo kikubwa kwa wanawake ni jina. Mwanamke aliolewa, akachukua jina la mumewe, na uzi ukakatika. Makarani nao waliandika majina kama walivyoyasikia. Ndiyo maana watafiti huanza na tarehe ya hukumu na jina la meli, vitu viwili ambavyo havikubadilika mtu alipobadili jina.

Kwa muda mrefu familia nyingi za Australia ziliuficha ukoo wa mfungwa kama aibu, na baadhi ya wafungwa wenyewe walibadili majina ili wasijulikane. Leo mambo yamegeuka. Kumbukumbu za wafungwa wa Australia ziliingizwa mwaka 2007 katika rejesta ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, na sehemu kubwa yake husomwa bure kwenye intaneti. Simulizi ya James Martin imehifadhiwa katika chuo kikuu cha University College London, na baadhi ya majani ya Mary yamo katika maktaba jijini Sydney, karibu na bandari aliyoondokea usiku ule wa Machi.

Emanuel alifia Batavia. Charlotte hana kaburi. Majina yao yamo katika daftari zilezile zilizowahesabu kama mzigo wa mama yao, na hapo ndipo watafutaji huwakuta.